Baruti ya Shangwe: Kutoka Malindi Hadi Uzige

Aprili 1498 bandari ya Malindi ilikuwa na wageni wa aina mbili. Walikuwapo Wareno wa Vasco da Gama, waliokuwa wametoka kugombana na watu wa Msumbiji na wa Mombasa, na zilikuwapo merikebu nne za Wahindi waliokuja kufanya biashara. Shajara ya safari ile, iliyoandikwa na mmoja wa watu wa da Gama, inasema kwamba siku nahodha mkuu alipousogelea mji kwa mashua, Wahindi walimpokea kwa mizinga kutoka merikebuni mwao. Usiku wakafanya karamu. Mizinga ikalia tena, watu wakapiga kelele za furaha, na fataki zikarushwa angani. Mwandishi aliwadhania Wahindi wale kuwa Wakristo. Katika hilo alikosea, lakini fataki alizielewa vizuri, kwa maana Wareno nao walikuwa watu wa baruti.

Msomaji wa Bujumbura ana haki ya kuuliza Malindi inamhusu nini. Inamhusu kwa sababu baruti iliyofika ziwani Tanganyika ilipanda kutoka pwani hiyohiyo, ikiwa juu ya vichwa vya wapagazi, na ilipofika ilifanya kwanza kazi ileile iliyofanya Malindi usiku ule: kuwajulisha watu kwamba wageni wamefika na wana furaha. Mauaji yalifuata, tena mengi. Hata hivyo historia ya baruti katika nchi zetu imeandikwa kama historia ya vita na utumwa peke yake, na sehemu ya shangwe imeachwa kama makapi.

Tuwatazame kwanza mafundi. Mabaharia wale wa Kihindi waliokuwa Malindi walikuwa na utaalamu wa kwao. Miaka 55 kabla ya usiku ule, mwaka 1443, Abdur Razzaq, mjumbe wa mtawala wa Herat, alifika Vijayanagara kusini mwa India, na katika maelezo yake ya sikukuu kubwa ya mji huo michezo ya moto haikukosekana. India ilikuwa na shura. Baruti nyeusi, ile ya kale, ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, salfa na makaa. Vipimo sivitaji hapa, na asiyevijua asivitafute jikoni kwake. Makaa kila mtu anayo. Salfa Ulaya iliipata zaidi Sicily. Shura, ambayo ndiyo roho ya mchanganyiko wote, ilichimbwa kwa wingi Bihar na Bengal, na kwa karne mbili Waholanzi, Wafaransa na Waingereza waliigombea huko kama watu wanavyogombea mafuta leo.

Vitu ni vitatu tu, lakini mabishano ya wanaovishika hayajawahi kwisha. Ubishi wa kwanza ni wa mti wa makaa. Mafundi wa Ulaya walisifu mierebi na miti mingine myepesi ya kandokando ya maji, wakasema makaa ya mti mgumu huifanya baruti iwe nzito na mvivu. Wengine waliwajibu kwamba kwa fataki ya kuonyeshwa uvivu huo ndio unaotakiwa, maana cheche inayokufa polepole hupendeza kuliko ile inayopasuka na kutoweka. Ubishi wa pili ulikuwa wa kusaga: kavu au na unyevunyevu? Aliyesaga kavu alipata ungaunga uliotimka hewani ukisubiri cheche moja, na vinu vingi vya Ulaya viliruka na watu wake kwa ajili hiyo. Ubishi wa tatu ni wa punje, kwa sababu punje kubwa huwaka kwa taratibu na punje ndogo kwa ghafla, na kila chombo kina yake.

Mwaka 1706 mhandisi Mfaransa, Amédée-François Frézier, alichapisha kitabu kizima juu ya moto wa maonyesho, akaupa heshima yake mbali na moto wa vita. (Ni Frézier huyohuyo aliyerudi kutoka Chile mwaka 1714 na miche ya stroberi kubwa, ambayo damu yake imo katika stroberi zinazouzwa leo sokoni. Alikuwa mtu wa mambo mengi.) Kutenganisha huko kulikuwa na maana kubwa. Hadi wakati huo fataki za wafalme zilikuwa mikononi mwa wapiga mizinga wa jeshi, ambao walipenda mshindo. Kutoka Italia wakaja mafundi waliotaka rangi, umbo na mpangilio, kama watu wa jukwaani. Pande hizo mbili ziligongana vibaya London tarehe 27 Aprili 1749, katika sherehe ambayo Handel aliitungia muziki. Banda la fataki lilishika moto, na Servandoni, Mwitaliano aliyelibuni, akamchomolea upanga Charles Frederick, msimamizi wa Kiingereza. Alinyang'anywa upanga na kukamatwa.

Ubishi huo haujabaki kwa wataalamu wa wafalme. Kisiwani Malta, hadi leo, fataki za sikukuu za watakatifu wa vijiji hutengenezwa na watu wa kujitolea, waashi, makarani, mafundi bomba, wanaokutana jioni katika vibanda vilivyojengwa mbali na nyumba. Kila kijiji kina yake, na kila kijiji kinaamini jirani hajui kuchanganya. Gharama yake ni kubwa. Septemba 2010, huko Għarb kisiwani Gozo, kibanda kimoja kililipuka na kuua watu sita, wengi wao wa familia moja. Serikali iliunda tume ya kuchunguza milipuko ya aina hiyo, na mjadala ukageukia kemikali: zipi zisikutanishwe, nani apewe leseni, unyevu wa hewa ya bahari una sehemu gani. Huko Marekani wapenzi wa fataki nao wana chama chao, Pyrotechnics Guild International, kinachowakusanya kila mwaka, na wanachopeana zaidi ya yote ni habari za nani aliunguaje.

Nimekaa kwenye mambo haya ili ionekane wazi ni kitu gani hakikupanda kutoka pwani kuja ziwani. Bidhaa ilipanda. Ubishi wa namna hii ulibaki nyuma, kwa sababu anayenunua baruti ikiwa tayari ndani ya kipipa hana cha kubishania isipokuwa kiasi, ubora na bei.

Tazama ilivyouzwa. Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Muscat, Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, aliwekeana mkataba wa biashara na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani. Mkataba uliwafungulia Wamarekani bandari zote za Sayyid kwa bidhaa yoyote, ila kwa jambo moja: katika kisiwa cha Unguja, bunduki, baruti na risasi zisiuzwe kwa mtu yeyote isipokuwa serikali. Bandari nyingine zote ziliachwa wazi. Ukiisoma ibara hiyo unaona jinsi Sayyid alivyoijua bidhaa yenyewe. Hakutaka ilale chini ya dirisha lake, lakini ikienda Bagamoyo, ikapanda bara na kurudi ikiwa pembe za ndovu, hakuwa na neno. Meli za Salem, Massachusetts, zikaleta nguo za merikani na baruti pamoja. Kutoka Liège na Birmingham zikaja bunduki, nyingi zikiwa gumegume zilizokwisha kupitwa na wakati huko kwao. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Kila moja ilitaka baruti, na baruti huisha.

Sasa tufuate kipipa kimoja. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili hivi, kama kilo 32. Mzigo wa nguo ukinyeshewa huanikwa, wa shanga hauna shida, wa baruti una adui wawili kwa wakati mmoja, mvua kutoka juu na moto wa kambi ubavuni. Usiku mzigo huo ulihitaji kuwekwa mbali na mafiga, na mtu wa kiko asiukaribie. Njia ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilichukua miezi, na masika yakiwakuta watu Uvinza, huku mto Malagarasi umefurika mbele yao, kipipa kilichopasuka kilikuwa hasara tupu. Baruti iliyoingia maji haiwaki sawasawa. Inafoka, inatoa moshi mwingi na sauti ya kikohozi. Kwa vita hiyo ni hatari kwa mwenye bunduki. Kwa sherehe ni aibu.

Na sherehe ilikuwa ni lazima. Richard Burton, msafiri Mwingereza ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu Waafrika, ameeleza kwa kina msafara wake ulivyoingia Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waiache pwani. Kabla ya kuingia, watu walisimama wakavaa nguo safi walizozihifadhi kwa siku hiyo. Kisha mstari wa wapagazi ukaingia uwandani ukijipinda kama nyoka, bendera zikipepea, pembe zikilia, bunduki zikivuma mfululizo, na watu wakishindana kupiga kelele. Wenyeji wakatoka barabarani wakajibu kelele kwa kelele. Hivyo ndivyo msafara wenye heshima ulivyobisha hodi. Msafara ulioingia kimya ulidhaniwa kuwa umeporwa, au umebeba wagonjwa, au una jambo.

Hapa ndipo ubishi wetu wa asili ulipozaliwa, na ulikuwa ubishi wa kiasi. Bunduki ya gumegume hujazwa kwa mdomo: baruti kwanza, kisha tambara au majani, kisha mdeki unashindilia. Kwa sherehe risasi haiwekwi. Swali ni baruti kiasi gani. Ukitia kidogo, sauti inakuwa ya kitoto na watu wanacheka. Ukitia nyingi na kushindilia sana, mtutu wa bei nafuu unaweza kupasuka ukaondoka na vidole. Wasafiri wa Kizungu waliandika mara kwa mara, kwa kejeli, kwamba watu wa misafara walijaza kupita kiasi. Sidhani kejeli hiyo ilikuwa na haki. Aliyejaza namna hiyo hakuwa akiwinda. Alikuwa akitangaza jina la tajiri wake na la mji aliotoka, na alikuwa na nafasi moja tu ya kufanya hivyo baada ya miezi ya kutembea. Mabaharia wa Malindi wangemwelewa kuliko Burton.

Burton na mwenzake Speke walifika Ujiji Februari 1858. Miezi michache baadaye walipanda mitumbwi kuelekea kaskazini, wakafika Uvira, ng'ambo ya pale ulipo mji wa Bujumbura. Walitaka kuuona mto Rusizi wajue kama unaingia ziwani au unatoka. Hawakuufikia, wakarudi na jibu la kusikia kwa watu, kwamba unaingia.

Jibu la macho lilisubiri miaka 13. Siku Henry Morton Stanley alipoukaribia Ujiji mwaka 1871, aliwapanga watu wake juu ya kilima na kuwaamuru wapige bunduki. Kwa hesabu yake zilikuwa bunduki karibu 50 zilizolia pamoja. Watu wa Ujiji wakatoka mbio, wakifikiri ni msafara wa kawaida uliotoka Unyanyembe, yaani pande za Tabora, na miongoni mwa waliotangulia kufika walikuwa Susi na Chuma, watumishi wa David Livingstone. Susi akarudi mbio kumwambia bwana wake. Dunia nzima inakumbuka maneno ya salamu ambayo Stanley anasema aliyatamka dakika chache baadaye. Lakini kilichowatoa watu nyumbani, kikamleta Susi, kikamfanya mzee asimame barazani akingoja, kilikuwa baruti isiyo na risasi. Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti la Marekani, na bado aliingia Ujiji kwa adabu ya Kinyamwezi.

Novemba mwaka huohuo wote wawili walipanda mtumbwi wakaenda kaskazini. Walifika Uzige, nchi ambayo leo ni Bujumbura na kandokando yake, wakapokelewa na watemi Mukamba na Ruhinga. Walipiga kambi pande za Mugere, kusini ya mji wa sasa, ambako jiwe kubwa lenye majina yao na tarehe ya 25 Novemba 1871 linatazama ziwa hadi leo. Watu wa Bujumbura hupanda hapo Jumapili kupiga picha. Kutoka Uzige walivuka hadi kwenye mlango wa Rusizi wakaona wenyewe kwamba maji yanaingia ziwani. Swali la Burton likaisha.

Uzige basi iliujua mlio wa bunduki za wasafiri mapema. Baadaye ikaujua kwa ubaya. Miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan al-Barwani, ambaye historia inamjua zaidi kwa jina la Rumaliza, aliishika Ujiji, akaenda mpaka Uvira, akataka na Burundi. Hakuipata. Mwami Mwezi Gisabo na watu wake, kwa mishale, mikuki na milima, waliwarudisha wenye bunduki. Hapo mtu wa historia ya kijeshi ana mengi ya kueleza. Mimi naangalia upande mwingine wa matokeo yale: Burundi ilibaki nje ya mtandao wa misafara kwa muda mrefu kuliko majirani zake, na kwa hiyo desturi ya kuingia kwa bunduki, iliyozoeleka Tabora na Ujiji, haikupata mizizi milimani. Ilikaa ukingoni, kwa Waswahili wa kandokando ya ziwa.

Kisha mlango ukafungwa kutoka mbali. Tarehe 2 Julai 1890, mjini Brussels, mataifa ya Ulaya na mengine yalitia saini mkataba uliozuia kuingiza silaha na baruti katika ukanda mpana wa Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa, lakini chini ya ghala la serikali, kibali na mizani. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na ni kweli bunduki ziliilisha biashara hiyo. Ni kweli pia kwamba walioandika mkataba walikuwa karibu kuja na bunduki zao, zilizo bora zaidi, na hawakutaka kukuta nyingine mlangoni.

Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, mwaka 1897. Mwaka 1903 Kapteni von Beringe, ambaye jina lake limebaki katika jina la kisayansi la sokwe mkubwa wa milima ya Virunga, alimshinda Gisabo kwa msaada wa waasi Maconco na Kilima, na kwa mapatano yaliyofanyika mahali paitwapo Kiganda mfalme akatozwa ng'ombe 424. Baruti sasa ilikuwa ya dola. Katika maboma ya koloni, siku ya kuzaliwa ya Kaiser, tarehe 27 Januari, ilisherehekewa kwa gwaride, mizinga na ngoma, na askari Waswahili ndio waliofanya kazi hiyo. Mbelgiji aliyeingia mwaka 1916 hakuubadilisha mpango. Waswahili wa mji, wazao wa askari, wapagazi na wafanyabiashara kutoka Ujiji, Manyema na pwani, wakahamishiwa Buyenzi, mtaa wa barabara zenye namba, ambao hadi leo ni mtaa wa misikiti, wa mafundi magari na wa Kiswahili. Walikuja na maulidi, na dufu, na mapishi yao. Baruti haikuruhusiwa kuja nao.

Linganisha na Oman. Huko bunduki ya mrao, wanayoiita Abu Fatila, ilibaki mikononi mwa raia kama pambo la heshima, na katika mchezo wa razha wanaume hutoka na panga na bunduki za zamani wakizilipua hewani. Wazanzibari na Wabarwani wengi waliohamia Muscat wameziona kwa macho yao. Kule wazee bado wanabishana juu ya mtutu na utambi. Tofauti hiyo imetoka kwenye sheria: Oman haikunyang'anywa desturi yake, sisi tulinyang'anywa.

Je, Burundi ilikosa basi ufundi wa mshindo wa furaha? Hapana, na hapa ndipo nataka msomaji akae nami kidogo. Nchi hii ilikuwa na ufundi huo kabla ya gumegume ya kwanza kuonekana Uzige. Ngoma ya kifalme huchongwa kutoka gogo la umuvugangoma, mti ambao wataalamu wa mimea wanauita Cordia africana. Gogo linatobolewa ndani, ngozi ya ng'ombe inavutwa juu yake ikiwa bado mbichi, inapigiliwa kwa vigingi vya mti, kisha inaachwa ikauke na kujikaza yenyewe. Kila hatua ina ubishi wake kwa wachongaji: unene wa ukuta wa gogo, ngozi ya ng'ombe gani, ikauke juani au kivulini. Gishora, karibu na Gitega, mahali palipoanzishwa na Mwezi Gisabo mwenyewe, zimehifadhiwa ngoma mbili zenye majina, Ruciteme na Murimirwa. Ngoma ndiyo iliyomwamsha mfalme na kumlaza, na katika umuganuro, sikukuu ya mtama, ndiyo iliyowapa watu ruhusa ya kupanda. Mbelgiji aliufuta umuganuro, lakini ngoma zilimshinda.

Ngoma zile zimekwenda mbali kuliko baruti yoyote ya sherehe. Mwaka 1975 mwimbaji wa Kanada, Joni Mitchell, alitumia rekodi moja ya ngoma hizo katika wimbo wake, na watu wa Ulaya na Amerika wakasikia mshindo wa Burundi bila kujua Burundi iko wapi. Novemba 2014 UNESCO iliitia ngoma hiyo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Oktoba 2017 Rais Pierre Nkurunziza alitia saini amri inayodhibiti upigaji wake: wanawake wasiipige ngoma ya kijadi, na atakayealika wapigaji kwenye sherehe yake alipe serikali. Wapo waliofurahi kwamba urithi unalindwa, na wapo waliosema ngoma imewekwa chini ya ghala na kibali, kama baruti ya mwaka 1890. Mimi ni wa kundi la pili. Mabinti waliokuwa wakipiga ngoma hiyo Bujumbura walikuwa wapigaji hodari, na hoja ya kwamba mila imeumia kwa sababu yao haijathibitishwa na yeyote.

Linabaki swali la fataki zenyewe katika mji huu. Dar es Salaam kila mwisho wa mwaka polisi hutoa onyo lao la fataki bila kibali na kuchoma matairi, na kila mwaka vijana wanawajibu kwa moshi. Mombasa na Nairobi zina Diwali. Watoto wa miji mingi ya Afrika Mashariki huwasha nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, wakazizungusha kwenye kamba gizani, na cheche zinatawanyika kama mvua. Nimewasikia wakibishana kama mafundi wa Malta: huyu anasema nyuzi zichambuliwe kwanza ziwe legevu, yule anasema zikichambuliwa sana zinaisha kabla hujazungusha mara tatu. Mama mwenye shuka lililotobolewa ana maoni yake pia.

Bujumbura ina sababu yake ya kutosherehekea namna hiyo kwa wepesi. Mtu aliyekuwa mitaa ya Kamenge au Cibitoke katika vita vilivyoanza mwaka 1993, aliyesikia makombora yakiangukia mji Julai 2003, aliyelala sakafuni usiku wa milio ya bunduki mwaka 2015, aliyekuwa karibu na kituo cha mabasi siku ya maguruneti ya Septemba 2021, hawezi kusikia mshindo saa sita usiku akasema mwaka mpya umefika. Anawavuta watoto chini ya kitanda kwanza. Halafu anauliza. Kwa mafundi wa London mwaka 1749 mshindo na rangi vilikuwa vitu viwili vya kuchaguliwa kwa ladha. Hapa kwetu ni suala la usingizi wa watu na moyo wa wazee.

Sisemi fataki zipigwe marufuku. Ziwa lipo, ufukwe upo, na moto ukirushwa juu ya maji huonekana Uvira na Bujumbura kwa pamoja. Ila msafara wa zamani ulipiga bunduki mchana, mbele ya macho ya watu, na kila mwenyeji alijua maana yake. Anayepanga kurusha fataki Bujumbura afanye hivyo hivyo: atangaze redioni siku mbili kabla, kwa Kirundi, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, ataje saa na mahali, na akishataja asibadilishe.